Sauti 960 katika Wimbi Moja

Hotuba iliyosomwa na mhandisi mstaafu wa mawasiliano, mmoja wa waliosoma hapa, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu



Katibu wa Chama aliponiandikia barua ya mwaliko aliniomba nieleze kazi ya simu kwa lugha ambayo hata wale waliokuwa wakikimbia kipindi cha hesabu wataifahamu. Nimekubali, lakini kwa sharti kwamba hesabu yenyewe nayo iwemo. Maana nimesikia kutoka kwa walimu kwamba vijana wengi huliacha somo la takwimu na uwezekano mpaka wiki ya mwisho kabla ya mtihani, wakidhani ni hesabu za kurusha sarafu na kuchota gololi kwenye mfuko. Leo nataka kuwaonyesha kwamba hesabu hizo hizo za gololi ndizo zilizobeba maongezi ya mataifa kwa zaidi ya miaka 40, na kwamba zingali zinafanya kazi katika simu mlizonazo mifukoni, ingawa Mwalimu wa Nidhamu amekataza simu shuleni.

Naanza na jambo lenyewe. Zamani, kabla ya nyaya za kioo, simu za masafa marefu zilipitia redio za mikrowevu. Vijana wameona minara mirefu juu ya vilima, yenye masahani makubwa yanayotazamana. Kwa kawaida mnara mmoja na mwingine huachana kilomita 50 hivi, kwa sababu mawimbi hayo hunyooka kama mwanga wala hayafuati mviringo wa dunia. Katika Marekani njia ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1951 kutoka New York hadi San Francisco, ikiwa na vituo 107. Baadaye dunia nzima ilifuata, na sisi wa Afrika Mashariki pia.

Sasa mtu aweza kuuliza: wimbi la redio ni moja, na wanaotaka kuzungumza ni mamia. Wote wanapitaje bila kugongana?

Jibu ni kwamba kila mmoja hupewa kiwanja chake. Sauti ya mtu kwenye simu hukatwa ikabaki ile iliyo kati ya hezi 300 na hezi 3,400. Hiyo inatosha kumtambua mtu na kumwelewa. Kila sauti hupewa nafasi ya kilohezi 4, pamoja na ukingo mdogo wa kuitenganisha na jirani. Kisha sauti hizo hupandishwa, kila moja kwa kiasi chake, na kupangwa kama vyumba vya bweni. Sauti 12 hufanya kundi moja, kati ya kilohezi 60 na 108. Makundi 5 hufanya kundi kuu lenye sauti 60, kati ya kilohezi 312 na 552. Makundi makuu 16 yakipangwa pamoja hupatikana sauti 960, zikijaza nafasi kutoka kilohezi 60 hadi 4,028. Rundo hilo lote ndilo linaloliyumbisha wimbi la redio, masafa yake yakipanda na kushuka kufuata rundo linavyokwenda. Huko ndiko kunakoitwa modulesheni ya masafa. Upande wa pili wimbi hupokelewa, rundo hufunguliwa, na kila mtu hurudishiwa sauti yake.

Hapo ndipo taabu inapoanza, na ndipo takwimu inapoingia.

Mhandisi anayejenga mtambo lazima ajue rundo litakuwa na nguvu kiasi gani. Akijenga mtambo mdogo, rundo litaulemea. Akijenga mkubwa kupita kiasi, atamaliza fedha za nchi na nafasi ya hewani. Lakini atajuaje? Hajui nani atapiga simu. Hajui kama ni mama mpole anayenong'ona au ni mjomba wetu mmoja, ambaye alipiga kelele kwenye simu kama kwamba anataka sauti ifike Mwanza bila kupitia mtambo. Hajui nani atanyamaza na nani atacheka.

Tuseme mhandisi huyo ni mwoga, akaamua kujilinda dhidi ya baya kuliko yote, yaani watu wote 960 wapige kelele kwa pamoja, tena mawimbi yao yapande pamoja na kushuka pamoja. Katika mtambo wa sauti 960, kipimo kilichokubaliwa na mataifa ni kwamba mlio wa majaribio wa miliwati 1 katika njia moja huliyumbisha wimbi kwa kilohezi 200, kwa kile kipimo cha mzizi wa wastani wa miraba ambacho vijana wa fizikia wanakijua kutoka kwenye umeme wa mkondo geu. Zidisha kwa 960. Utapata megahezi 192 kila upande, yaani zaidi ya megahezi 380 kwa jumla. Na utepe mzima wa mikrowevu wa gigahezi 4, kutoka megahezi 3,700 hadi 4,200, una megahezi 500 tu. Basi njia moja ya simu ingekula karibu utepe wote, na isingebaki nafasi ya njia ya pili.

Waliolitatua jambo hili ni wahandisi wawili wa Marekani, B. D. Holbrook na J. T. Dixon wa maabara za Bell, katika makala waliyoitoa mwaka 1939. Hawakuuliza kila msemaji atafanya nini, waliuliza umati utafanya nini. Walipima jinsi sauti za watu zinavyotofautiana kwa ukubwa, wakapima mtu huzungumza kwa sehemu gani ya muda, kisha wakakokotoa rundo la wengi litakuwaje.

Vijana, chukueni kalamu. Katika maongezi mmoja akisema mwenzake husikiliza, tena kuna kupumua na kufikiri. Kwa hiyo upande mmoja wa njia ya simu huwa na sauti kwa robo tu ya muda. Chukua kundi dogo la njia 12. Kwa wastani wanaosema kwa dakika yoyote ni 3. Lakini ukikokotoa kwa kanuni ya uwezekano mnayofundishwa hapa, utakuta kwamba mara 5 hivi katika kila 100 watasema 6 au zaidi, yaani wastani maradufu. Sasa chukua njia 960. Wastani ni 240. Mara chache sana idadi itatoka nje ya 200 na 280. Kufika 480, ambayo ni maradufu, hakutatokea hata ukingoja maisha yako yote na ya wajukuu wako. Umati mkubwa hutabirika kuliko umati mdogo, na umati mdogo hutabirika kuliko mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana juu ya kanuni mbili za mzigo. Kuanzia njia 240 kwenda juu, kila njia huhesabiwa kuwa inaleta kama mikrowati 32 kwa wastani. Humo, mikrowati 22 ni za maongezi na mabaki mengine, na 10 ni za milio ya kupigia na kuashiria. Lakini kwa kundi la njia 12 kanuni nyingine hutumika, na ukigawanya mzigo wake utapata karibu mikrowati 180 kwa kila njia. Mjomba mpiga kelele akiwa miongoni mwa 12 lazima umtengee nafasi. Akiwa miongoni mwa 960, kelele zake humezwa na ukimya wa wengine.

Tumalize hesabu ya mtambo wetu. Njia 960 kwa mikrowati 31.6 kila moja ni miliwati 30.4. Mzizi wake ni 5.5. Basi myumbo wa rundo zima ni kilohezi 200 mara 5.5, yaani kama kilohezi 1,100. Lakini hicho ni kipimo cha kawaida tu, kilele huenda juu zaidi. Hapa kuna jambo la ajabu katika elimu ya takwimu. Ukijumlisha vitu vingi visivyotegemeana, hata kama kila kimoja kina tabia yake, jumla yao hufuata mchoro mmoja, ule wenye umbo la kengele. Sauti za watu 960 zikijumlishwa hazina tofauti na mchirizo wa redio isiyo na stesheni. Na kwa kuwa mchoro wa kengele unajulikana, twaweza kusema kilele kitavuka mara 3.16 ya kipimo cha kawaida kwa muda mdogo sana, kama sehemu 16 katika 10,000. Tukikubali hasara hiyo ndogo, kilele ni kilohezi 3,480 hivi. Kwa kanuni ya John Carson, mhandisi aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1922, jumlisha kilele hicho na masafa ya juu kabisa ya rundo, yaani 4,028, kisha zidisha kwa mbili. Utapata megahezi 15.

Ndugu zangu, kutoka megahezi 380 na zaidi hadi 15. Hakuna aliyegundua madini mapya wala mashine mpya. Ni elimu ya takwimu tu.

Sasa nieleze jinsi mitambo hiyo ilivyopimwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Huwezi kuwaita watu 960 usiku wa manane waje wazungumze ili upime mtambo. Lakini kwa kuwa rundo la sauti linafanana na mchirizo, basi tuma mchirizo badala ya watu. Tulikuwa na kifaa kilichotoa mchirizo sawasawa kutoka kilohezi 60 hadi 4,028, kwa nguvu ile ile ya miliwati 30.4. Kisha kwa kichujio tuliziba tundu jembamba, mahali pa njia moja au zaidi kidogo, kwa mfano katika kilohezi 70, au 534, au 2,438, au 3,886. Tundu hilo lilikwenda tupu. Upande wa pili tulisikiliza ndani yake. Kama mtambo ungekuwa mkamilifu tungesikia kimya. Chochote kilichosikika humo ni kelele ambazo mtambo umezitengeneza wenyewe.

Kelele hizo ni za aina mbili, na mhandisi lazima azitofautishe kama daktari anavyotofautisha homa. Ya kwanza ni kelele za joto, zinazotoka katika chembe za umeme zenyewe. Hizo hazijali mzigo. Ukiongeza nguvu ya rundo, unazifunika. Ya pili hutokana na mtambo kutokuwa mnyoofu kabisa: kikuzaji kinachopinda kikilemewa, au mwangwi mdogo ndani ya bomba linalopeleka mawimbi kwenye sahani. Hapo masafa mawili yakikutana huzaa mengine. Kilohezi 1,000 na 1,300 huzaa 300 na 2,300, na pia 1,600, ambayo hakuna mtu aliyeyatuma. Kwa njia 960, wazao hao ni mamilioni, nao huangukia katika vyumba vya watu wengine. Ukiongeza mzigo kwa desibeli 1, wazao wa aina ya pili huongezeka kwa desibeli 2, na wa aina ya tatu kwa desibeli 3.

Kwa hiyo tulianza na mzigo mdogo na kuupandisha polepole, tukiandika hali ya tundu kila hatua. Mwanzo usafi uliongezeka, kwa kuwa kelele za joto zilifunikwa. Kisha ukafika kilele, halafu ukaanza kuporomoka, kwa kuwa wazao walizidi. Mchoro wake ulikuwa kama paa la nyumba. Fundi hodari aliweza kuutazama mteremko wa kila upande na kusema ugonjwa uko wapi, kabla ya kufungua hata skrubu moja. Na sharti halikuwa jepesi: kwa njia ya kielelezo ya kilomita 2,500, kelele za redio katika njia moja ya simu hazikutakiwa kuzidi pikowati 7,500 kwa wastani wa dakika, isipokuwa kwa muda usiozidi asilimia 20 ya mwezi. Hizo ni pikowati 3 kwa kila kilomita. Pikowati ni sehemu moja ya milioni ya mikrowati.

Nitasimulia tukio moja la miaka ya 1980, kwa kuwa linafunza. Katika njia moja ya sauti 300, watu walilalamika kwamba simu zinachirizika asubuhi na mchana, lakini usiku ni safi. Tulipima usiku kwa mchirizo, mtambo ukawa mzima kabisa. Wengine walisema ni hali ya hewa. Tulipopima nguvu ya rundo halisi saa 4 asubuhi, tulikuta karibu miliwati 15, wakati kanuni ilitaka 9.5. Desibeli 2 za ziada zilitosha kuzifanya kelele za aina ya tatu kuwa kubwa mara 4. Tukaanza kutafuta njia kwa njia. Njia 280 za maongezi zilikuwa na miliwati 9 tu, kama vitabu vinavyosema. Njia 20 zilizobaki zilikodiwa na mteja mmoja kwa mashine za data, nazo zilikuwa zinatuma miliwati 0.3 kila moja, mara 6 ya zilizoruhusiwa. Mtu fulani alikuwa ameongeza sauti ya mashine ili zisikike vizuri upande wa pili. Kwake zilisikika vizuri kweli. Walioumia ni wale 280, ambao hawakufanya kosa lolote na wala hawakujua kwamba ana jirani huyo.

Kwa nini nasimulia hili? Kwa sababu kanuni ya 1939 ilikuwa na masharti. Ilisema wasemaji hawategemeani, na kila mmoja hunyamaza robo tatu ya muda. Mashine ya data hainyamazi. Hata ikifuata kiwango chake cha mikrowati 50, inatuma mfululizo. Njia zote 960 zikigeuzwa za data, mzigo ungekuwa miliwati 48 badala ya 30. Umati ulibadilika, na aliyeendelea kuhesabu kwa umati wa zamani aliadhibiwa. Nawaomba vijana walishike hilo. Kila mara mtu akikupa wastani, muulize ni wastani wa akina nani, na kama watu hao bado ndio hao.

Mwaweza kusema, mzee anatusimulia mambo ya kale. Ni kweli mitambo ile imeondoka. Nyaya za kioo chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na simu zimekuwa za dijitali. Lakini hesabu ile haikuondoka. Tanzania ilipoanza kuzima televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kuanzia Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ni ya dijitali, ambayo hugawa habari katika maelfu ya mawimbi madogo yanayorushwa kwa pamoja. Mnara wa simu wa kizazi cha nne, ukitumia nafasi ya megahezi 20, hurusha mawimbi madogo 1,200 yaliyoachana kilohezi 15 kila moja. Jumlisha mawimbi 1,200, nanyi mtaona tena mchoro wa kengele, na kilele kile kile kinachosumbua kikuzaji.

Na simu yenyewe ya mkononi, inapotuma kwenda mnarani, haikuruhusiwa kutumia mbinu hiyo hiyo katika kizazi hicho cha nne. Ilichaguliwa mbinu nyingine yenye vilele vifupi. Sababu ni betri: kikuzaji kinachotengewa nafasi ya vilele virefu hupoteza umeme mwingi kwa joto. Mnara una umeme wa gridi na jenereta, bali simu ina betri ndogo. Basi kila mmoja wenu anapochaji simu yake mara moja kwa siku badala ya mbili, kuna mtu mahali fulani aliyekaa na hesabu za uwezekano akamsaidia.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi mawili. La kwanza kwa vijana: msiliache somo la takwimu liwe la mwisho. Fanyeni wenyewe zoezi la njia 12 na njia 960. Halihitaji maabara, linahitaji daftari na jioni moja. La pili kwa wenzangu wa Chama: kila mwaka tunachangia rangi ya kuta na magodoro, na ni jambo jema. Mwaka huu tuchangie pia chombo kimoja cha kuonyesha mawimbi, kioo chake kikubwa cha kutosha darasa zima kuona, ili mwalimu wa fizikia ajumlishe milio miwili, kisha mitano, kisha ishirini, na watoto waone kwa macho yao mchirizo unavyozaliwa kutokana na milio safi. Mimi nitaanza na mchango wangu leo, Mweka Hazina yupo hapa ni shahidi.